Maili, Noti na Saa Mbili za Ziwa Tanganyika: Kukokotoa Mwendo, Muda na Umbali

Kanuni yenyewe mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua. Umbali ni mwendo mara muda, na ukiwa na viwili kati ya hivyo vitatu, cha tatu unakipata. Boti inayokwenda maili 9 kwa saa ikitembea saa 4 imekata maili 36. Hapo hakuna fumbo.

Lakini boti inayotoka Kigoma ikipangiwa kufika alasiri inaweza kufika gizani, na pipa la mafuta lililohesabiwa kutosha safari nzima likakauka ufuko ukiwa bado unaonekana kwa mbali. Ukirudi kwenye karatasi ya nahodha, mara nyingi utakuta amezidisha na kugawanya sawasawa. Kosa liliingia mapema zaidi, kwenye namba zenyewe: maili ya aina gani, mwendo uliopimwa dhidi ya nini, na saa ya nchi ipi. Hayo matatu ndiyo yanayostahili muda wako kabla hujagusa kikokotoo.

Maili ipi?

Kuna maili ya nchi kavu, mita 1,609, na kuna maili ya baharini, mita 1,852. Hutofautiana kwa takriban asilimia 15. Jina lisikupoteze: ziwani pia hutumika maili ya baharini, kwa sababu ramani za majini na vifaa vya chombo vimejengwa juu yake. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa. Ukisema "noti 8 kwa saa" umetaja saa mara mbili. Noti 8 inatosha.

Simu nyingi huonyesha mwendo kwa kilomita kwa saa. Kupata noti, chukua nusu ya kilomita kisha ongeza asilimia 8 ya hiyo nusu. Kilomita 20 kwa saa: nusu ni 10, ongeza 0.8, unapata noti 10.8. Njia hii ni sahihi mno, huna haja ya nyingine. Kurudi upande wa pili, zidisha noti kwa 1.85.

Maili ya baharini haikuchaguliwa kiholela. Inakaribia sana dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja ya kaskazini-kusini. Kwa Kigoma hili ni zawadi, maana Ziwa Tanganyika limelala kaskazini-kusini kwa urefu wa takriban kilomita 670. Kigoma iko karibu na 4°53' kusini na Bujumbura karibu na 3°23' kusini. Toa: dakika 90. Kwa hiyo kati ya miji hiyo kuna kama maili 90 za baharini, na hujafungua ramani. Ukitaka usahihi kamili, karibu na ikweta dakika ya latitudo ni fupi kidogo, kama mita 1,843, hivyo kwa maili 90 umekosea takriban mita 800. Kwa kupanga safari, kosa hilo halina madhara.

Safari inayokata ziwa kwa mshazari inahitaji hatua moja zaidi. Kalemie, bandari ya Kongo ng'ambo ya ziwa, iko karibu na 5°56' kusini, 29°12' mashariki. Kigoma ni 4°53' kusini, 29°37' mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 63, ya longitudo dakika 25. Hizo ni pande mbili za pembetatu mraba: 63 mara 63 ni 3,969, 25 mara 25 ni 625, jumla 4,594, kipeuo chake cha pili ni 67.8. Maili 68. Hesabu hii inawezekana kirahisi hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako dakika ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo. Kwingineko zidisha kwanza dakika za longitudo kwa kosaini ya latitudo. Kwa nyuzi 5 kosaini hiyo ni 0.996, kwa hiyo ukiiacha hupotezi kitu. Kule Mpulungu, bandari ya Zambia kusini mwa ziwa, karibu nyuzi 9, ni 0.988.

Lakini mstari ulionyooka haujui rasi, miamba wala ghuba. Chombo kinatoka kwanza kwenye ghuba ya Kigoma, kisha kinakaa mbali na ufuko. Pima njia kipande kwa kipande kwa bikari, ukisoma kipimo kilicho pembeni ya ramani, kile cha latitudo, usawa wa mahali unapopita. Kipimo cha chini ni cha longitudo, hakipimi maili. Hapa kwetu ukikosea utaponea, lakini mkono uliozoea vibaya utakuumiza ukihamia maji mengine. Kwa mfano wetu tuweke maili 70.

Kuna kosa moja la namba ambalo ni hatari kuliko yote, nalo ni namna ya kuandika mahali. Kifaa kimoja huandika 4°52.50', kingine 4°52'30", kingine 4.875°. Zote tatu ni mahali pamoja. Sasa mtu akupigie simu akusomee "nne nukta tano mbili", nawe uingize nyuzi 4 dakika 52. Alichosoma yeye ni nyuzi 4.52, yaani 4°31.2'. Umekosea kwa maili 20.8, karibu kilomita 38, na kikokotoo hakitakuonya kwa sababu namba zote mbili ni halali. Hata kosa dogo la kuchanganya 52.30' na 52'30" linakupeleka mita 370 kando, na usiku mita hizo zinatosha kukuweka juu ya mwamba. Ukipokea namba, uliza kwanza: ni nyuzi zenye nukta, au nyuzi na dakika?

Saa za Kigoma na saa za ng'ambo

Hapa ndipo penye mitego miwili.

Mtego wa kwanza uko kwenye saa ya Kiswahili yenyewe. Umetoka saa 9:40 usiku, umefika saa 2:15 asubuhi. Umetembea muda gani? Ukijaribu kutoa kama zilivyo unakwama, kwa sababu hesabu ilipita saa 12. Geuza kwanza upate saa za mfumo wa 24: tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6, tangu saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18, na tangu saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri toa 6. Saa 9:40 usiku ni 03:40. Saa 2:15 asubuhi ni 08:15. Tofauti ni saa 4 na dakika 35. Angalia kikokotoo nacho: 8.15 ukitoa 3.40 kinakupa 4.75, na hiyo si saa 4 dakika 75 wala si saa 4 na robo tatu. Saa ina dakika 60. Unapokopa saa moja unakopa 60, si 100.

Kosa la namna hiyo hiyo hutokea ukigawanya. Maili 70 kwa noti 9 ni 7.78. Si saa 7 na dakika 78. Chukua ile 0.78, zidisha kwa 60, upate dakika 47. Safari ni saa 7 na dakika 47. Anayeogopa nukta na afanye kazi kwa dakika tangu mwanzo: maili mara 60, gawanya kwa noti. 70 mara 60 ni 4,200. Gawanya kwa 9, dakika 467, ambazo ni saa 7 dakika 47.

Mtego wa pili ni wa mipaka. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC). Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo, Kalemie ikiwemo, ziko saa 2 mbele. Majirani wote watatu wa ziwa hili wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Kigoma saa 1:00 asubuhi kwa safari ya saa 7 na dakika 47, kwa saa yako unafika saa 8:47 mchana, na mwenyeji anayekusubiri gatini anasoma saa 7:47. Mwambie "nafika saa 8:47" bila kusema ya wapi, ataanza kukutafuta ukiwa umeshatia nanga saa nzima. Wakati wa kurudi ni kinyume, na kinyume ndicho kinachouma: anayekusubiri Kigoma atadhani umechelewa kwa saa moja, na saa moja ya kuchelewa ziwani inaweza kuamsha watu kwenda kukutafuta bure.

Simu inayojipangia saa yenyewe huweza kubadilika katikati ya ziwa ikinasa mnara wa ng'ambo. Nahodha akiandika muda wa kutoka kwa saa moja na muda wa kufika kwa nyingine, mwendo anaoupata ni wa uongo: maili 70 kwa saa 6 dakika 47 ni noti 10.3, na keshokutwa atapanga safari akitegemea noti ambazo chombo chake hakina. Zima mpangilio huo kabla hujaondoka, au tumia saa ya mkononi ambayo haibadiliki. Vifaa vingine vya GPS huonyesha saa ya dunia. Hapo ongeza 3 kupata ya Kigoma.

Mwendo dhidi ya nini?

Chombo kina miendo miwili kwa wakati mmoja. Kuna mwendo wake ndani ya maji, na kuna mwendo wake juu ya ardhi iliyo chini ya maji hayo. Maji yakiwa yametulia, ni mwendo mmoja. Maji yakisukumwa, inaachana. GPS hupima ule wa juu ya ardhi. Injini na umbo la chombo huamua ule wa ndani ya maji. Muda wa kufika unategemea ule wa juu ya ardhi. Mafuta yanayoungua kwa saa yanategemea ule wa ndani ya maji.

Mwendo wa ndani ya maji unaupima bila umeme wowote. Simamisha mtu omo, yaani mbele ya chombo, mwingine tezi, yaani nyuma. Wa omo anadondosha kipande cha mti mkavu mbele ya chombo na kupaza sauti. Wa tezi anahesabu sekunde mpaka kipande kipite usawa wake. Gawanya urefu wa kati yao, kwa mita, kwa sekunde hizo, kisha zidisha kwa 1.944. Kwenye meli ya urefu wa kama mita 70, kama Liemba, meli ya siku nyingi ya ziwa hili, kipande kikipita kwa sekunde 15: 70 gawanya kwa 15 ni 4.67, mara 1.944 ni noti 9.1. Ukikosea nusu sekunde unapata 8.8. Si vibaya.

Lakini jaribu njia hiyo kwenye boti ya mita 12. Kipande kinapita kwa sekunde 3, noti 7.8. Kosa la nusu sekunde linakupa 6.7 upande mmoja au 9.3 upande mwingine. Kipimo hicho hakifai kupangia safari. Kwa boti fupi rudia mara kumi uchukue wastani, au bora zaidi tengeneza kamba.

Kamba ndiyo asili ya neno noti, maana "knot" ni fundo kwa Kiingereza. Mabaharia wa zamani waliachia kamba yenye mafundo nyuma ya meli na kuhesabu yaliyopita mkononi wakati mchanga ukishuka ndani ya kioo cha sekunde 28. Fundo na fundo vilipishana kwa mita 14.4. Leo una simu yenye kipima sekunde, kwa hiyo chagua sekunde 15 na funga fundo kila mita 7.72. Mafundo yaliyopita kwa sekunde 15 ndiyo noti zako. Kuelea tumia ubao wa pembetatu wenye uzito kidogo ukingo wa chini ili usimame wima majini na kukataa kuvutwa. Ubao ukilala utaburutwa, na kamba itakupa mwendo mdogo kuliko wa kweli. Acha kwanza kamba ya urefu wa chombo bila fundo ili ubao uvuke maji yaliyovurugwa na injini, funga kitambaa chekundu hapo, na anza kuhesabu sekunde kitambaa kikipita mkononi. Loweka kamba usiku kucha kabla ya kupima mafundo. Kamba nyingi hubadilika urefu zikilowana, na kamba iliyofupika kwa asilimia 5 itakuongezea asilimia 5 za mwendo usio nao.

Sasa una miendo yote miwili. Kamba inasema noti 7, GPS inasema 6.2: maji yanakurudisha kwa noti 0.8. Hiyo ni habari ambayo kifaa kimoja peke yake hakiwezi kukupa.

Ziwa halina kupwa wala kujaa kama pwani, na hilo huwafanya wengi waamini halina mkondo. Lina mkondo wa upepo. Wakati wa kiangazi, takriban Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa siku nyingi mfululizo na kusukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Anayetoka Kigoma kwenda vijiji vya kusini anapigana na upepo, mawimbi na maji kwa pamoja.

Watu wengi hudhani kinachopotea wakati wa kwenda hurudishwa wakati wa kurudi. Hakirudishwi chote. Chukua mtumbwi wa injini wa noti 5 na safari ya maili 30 kwenda, 30 kurudi. Maji yakitulia, ni saa 6 na saa 6, jumla 12. Weka mkondo wa noti 1. Kwenda unapanda kwa noti 4: saa 7 na nusu. Kurudi unashuka kwa noti 6: saa 5. Jumla saa 12 na nusu. Nusu saa imepotea kwa sababu ulikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mbaya kuliko kwenye mwendo mzuri. Ndiyo maana wastani wa mwendo haupatikani kwa kujumlisha 4 na 6 ukagawanya kwa 2. Unapatikana kwa maili zote 60 kugawanywa kwa saa zote 12.5, yaani noti 4.8. Chombo kikiwa cha polepole hasara inakua: mtumbwi wa noti 3 kwenye mkondo huohuo unatumia saa 15 kwenda na saa 7 na nusu kurudi, saa 22 na nusu badala ya 20.

Mkondo wa ubavuni hauchelewishi sana, ila unakupotosha. Kwenda Kalemie uelekeo ni karibu nyuzi 202, na upepo wa kiangazi unakupiga upande wa kushoto. Noti nusu ya kusukumwa kwa saa 7 na dakika 47 ni karibu maili 4. Kumbuka kanuni ya moja kwa sitini: nyuzi 1 ya kosa inakutoa maili 1 kila unapokata maili 60. Dira iliyowekwa jirani na spika au injini ikakosea nyuzi 5, kwa maili 70 utatokea karibu maili 6 kando ya bandari.

Haraka ina bei

Boti ya mbao iliyobeba shehena hailali juu ya maji, inayapasua. Ina kikomo chake: zidisha kipeuo cha pili cha urefu wake kwenye usawa wa maji, kwa mita, kwa 2.43. Urefu wa mita 16 unatoa noti 9.7. Ukikaribia hapo, kila noti unayoongeza inainua wimbi la omo na kuzamisha tezi, na injini inalia bila faida.

Hata chini ya kikomo hicho, mafuta kwa saa hupanda kwa kadiri ya mwendo mara mwendo mara mwendo. Tuseme boti yako kwa noti 8 inakula lita 20 kwa saa. Maili 70 zitachukua saa 8 dakika 45 na lita 175. Panda hadi noti 9: saa 7 dakika 47, lakini sasa ni kama lita 28.5 kwa saa, jumla lita 221. Umeokoa dakika 58 kwa lita 46. Wakati mwingine inafaa, hasa kama dakika hizo zinakuingiza bandarini kabla ya jua kuzama, ambalo Kigoma huzama karibu saa 1 jioni. Uamuzi ni wako, mradi ujue unachonunua. Lita 20 hizo usizichukue kama zako. Jaza tangi mpaka alama, tembea saa 2 kwa mwendo usiobadilika, jaza tena, na gawanya lita ulizoongeza kwa 2.

Gawa mafuta kwa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiguswe. Kwenye ziwa hili akiba ina uzito wa pekee. Kina chake kinafika mita 1,470, na hakuna kamba ya nanga itakayokushikilia katikati. Injini ikizima kwa kukosa mafuta, chombo hakisimami. Kikisukumwa kwa noti 1 usiku wa saa 10, asubuhi kiko maili 10 kutoka mahali ulipopiga simu ya mwisho.

Kukokotoa ukiwa safarini

Kila nusu saa andika vitu vinne: saa, uelekeo wa dira, mwendo, na mahali. GPS ikizima, mstari wa mwisho ndio unaoanzia. Kwa dakika 6, sehemu ya kumi ya saa, chombo hukata sehemu ya kumi ya noti zake: noti 8, maili 0.8. Hesabu hiyo inafanyika kichwani huku mkono uko kwenye sukani. Kwa umbali mfupi, noti 1 ni karibu mita 31 kwa dakika, hivyo kwa noti 6 mwamba ulio mita 370 mbele unaufikia kwa dakika 2.

Ukifika nusu ya njia, futa mpango wa awali na upange upya kwa mwendo uliouona. Ulitegemea noti 9 kwenda Kalemie. Umetoka saa 1:00 asubuhi, na maili 35 zimekuchukua saa 4 na dakika 20. Mwendo wako wa kweli ni noti 8.1. Maili 35 zilizobaki zinataka saa nyingine 4 na dakika 20. Utafika saa 9:40 alasiri ya Kigoma badala ya 8:47. Angalia mafuta kwanza: injini uliyoipangia saa 7 dakika 47 itafanya kazi saa 8 dakika 40, na kwa lita 28.5 kwa saa hiyo ni lita 247, nyongeza ya kama lita 25 juu ya ulizopanga. Kisha, mtandao ukipatikana, mpigie mwenyeji umtajie saa zote mbili kwa majina yake: saa 9:40 ya Kigoma, saa 8:40 ya Kalemie.